Chokaa Hai: Malezi ya Matumbawe Magumu Katika Tangi la Nyumbani

Tumbawe gumu hudhaniwa na wengi kuwa jiwe, na wengine hulihesabu kuwa mmea, ilhali ni mnyama. Hata hivyo dhana hizo mbili hazikuzuka bure, kwa sababu mnyama huyo hujijengea jiwe chini ya mwili wake na kuhifadhi mwani mdogo mno ndani ya nyama yake. Kila tumbawe ni mkusanyiko wa viumbe viitwavyo polipu, na kila polipu ina mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri yenye chembe za kuwasha zinazofanana na zile za kiwavi wa baharini. Chini ya polipu hujengwa kikombe cha kabonati ya kalsiamu, madini yale yale ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameyachoma tanurini kwa karne nyingi ili kupata chokaa ya kujengea. Anayelilea tumbawe nyumbani, awe Berlin, Dubai au Nairobi, huwa amekabidhiwa kiwanda kidogo cha chokaa, na karibu kila shauri la maana kuhusu malezi yake hutokana na jambo hilo.

Si matumbawe yote magumu yanayomfaa anayeanza. Wafugaji huyagawa kwa ukubwa wa polipu, mgawanyo usiotambuliwa na wanasayansi wa uainishaji lakini wenye manufaa makubwa katika kazi: yapo ya polipu kubwa, ambazo nyama yake huvimba mchana hadi kukificha kiunzi, na yapo ya polipu ndogo, ambayo kwa mbali huonekana kuwa matawi au sahani za mawe zilizoota vinyweleo. Kundi la kwanza ndilo linalovumilia zaidi makosa ya mwanafunzi, na ndani yake yapo mawili yanayostahili kutangulizwa: Caulastraea, lenye matawi mafupi ambayo kila moja hubeba kichwa cha kijani au cha kahawia chenye ukubwa wa sarafu, na Duncanopsammia, linalopatikana zaidi Australia. Euphyllia, linalopendwa sana kwa minyiri yake inayocheza mkondoni, linaweza kufuata baada ya miezi kadhaa. Katika kundi la pili, Montipora hutosha kuwa darasa la kwanza. Ama Acropora, mjenzi mkuu wa miamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, mgeni asiliguse hata akipewa bure.

Tangi lenyewe halina budi kukomaa kabla ya kulipokea tumbawe. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la Marekani jinsi alivyowafuga viumbe wa mwambani kwa kutumia mapovu ya hewa na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na uhai wake, na tangu hapo wafugaji wameelewa kwamba kichujio bora cha maji ni bakteria wanaokaa ndani ya mawe hayo. Bakteria hao huigeuza amonia, ambayo ni sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Kazi hiyo huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kutulia, na mwenye busara huongeza miezi miwili au mitatu juu yake.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na kiasi hicho hupimwa kwa refraktomita, kifaa kinachosoma namna mwanga unavyopinda ndani ya tone la maji. Yanapokauka kwa joto, ni maji matupu yanayopaa na chumvi hubaki, hivyo upungufu wa kila siku hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba hayafai kwa kazi hiyo, kwa kuwa mara nyingi hubeba klorini, fosfeti na pengine shaba ya mabomba, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, huwaua wanyama wasio na uti wa mgongo. Ndiyo maana dawa za samaki zenye shaba hazitiwi kamwe katika tangi la matumbawe. Hutumiwa maji yaliyochujwa kwa utando wa osmosisi, ambao huyaacha karibu matupu. Anayeishi pwani huenda akaona ni ujinga kununua chumvi ya mkebe ilhali bahari i mlangoni, na akiyachota mbali na mito, mitaro na bandari hakosei. Ila wakati wa masika maji ya ufukweni hupungua chumvi, na yapimwe kabla ya kumiminwa.

Hadi hapa tangi halitofautiani sana na lile la samaki wa baharini. Tofauti huanza tumbawe linapoanza kujenga, kwa sababu kila siku huyanyang’anya maji vitu viwili: kalsiamu, ambayo baharini ni takriban miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na bikabonati, ambayo wafugaji huipima kupitia ualkali. Ualkali ni uwezo wa maji kupokea asidi bila pH yake kuporomoka, na kipimo kilichozoeleka ni digrii za Kijerumani zinazoandikwa dKH. Bahari ina karibu digrii 7, na matangi mengi hushikiliwa kati ya 7.5 na 9. Vitu hivyo viwili huondoka kwa uwiano maalumu, kwani kila digrii moja ya ualkali inayotumika huenda pamoja na miligramu 7 hivi za kalsiamu kwa lita.

Uwiano huo una matokeo ambayo wanaoanza huyagundua wakiwa wamechelewa. Katika tangi ambalo matumbawe hutumia nusu digrii kwa siku, siku 4 tu hushusha ualkali kutoka 9 hadi 7, yaani zaidi ya moja ya tano ya akiba yote, ilhali kalsiamu imepungua kutoka 430 hadi 416, tofauti ndogo ambayo vipimo vya kawaida vya matone huweza kutoiona kabisa. Anayepima kalsiamu pekee ataamini kwamba mambo ni shwari huku nyama ya Euphyllia ikianza kuachana na kiunzi. Kwa hiyo fedha ya kwanza, kabla ya taa za kifahari na pampu zinazoongozwa kwa simu, iende kwenye kipimo kizuri cha ualkali, nacho kitumike saa ile ile ya siku, mara mbili au tatu kwa wiki, na matokeo yaandikwe. Tumbawe huweza kuishi vizuri penye 7.5, na huweza kuishi vizuri penye 9. Linaloliumiza ni kutupwa kutoka huku hadi kule kwa usiku mmoja.

Matumbawe yakiwa machache, kubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki kwa chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe hutosha kurudisha kilichotumika. Yakiongezeka, hutiwa bikabonati ya sodiamu, ile ile inayouzwa madukani kwa kuumulia keki: gramu 6 zilizoyeyushwa huinua ualkali wa lita 200 kwa digrii moja, na hicho ndicho kiwango kisichozidishwa kwa siku. Magadi ya mawe kutoka maziwa ya Bonde la Ufa hayafai badala yake, kwa kuwa yana floridi na uchafu mwingine, wala ile poda ya kuumulia iliyochanganywa na asidi na wanga. Kalsiamu huongezwa peke yake kwa kloridi ya kalsiamu. Njia nyingine, iliyoenezwa Ulaya na Peter Wilkens katika miaka ya 1970, ni maji ya chokaa, yaani hidroksidi safi ya kalsiamu iliyoyeyushwa katika maji yaliyochujwa na kudondoshwa polepole usiku badala ya maji yaliyokauka. Uzuri wake ni kwamba hurudisha vyote viwili kwa uwiano ule ule unaotumiwa na tumbawe, na hatari yake ni pH inayokaribia 12.4, ambayo ikimwagika kwa mkupuo huua tangi zima. Magnesiamu nayo ibaki karibu miligramu 1,300 kwa lita, kwa sababu ndiyo inayozuia kalsiamu na kabonati kugandana zenyewe kwenye hita na pampu kabla tumbawe halijazitumia.

Sehemu kubwa ya nishati ya tumbawe hutoka kwa ule mwani wa ndani, unaotengeneza sukari kwa usanisinuru, yaani kwa kutumia mwanga, na kumgawia mwenyeji wake. Makosa ya mwanga kwa kawaida huwa ya kuzidisha: tumbawe lililotoka kwenye tangi hafifu la dukani huwekwa siku ya kwanza chini ya taa kali, na mwani wake huungua. Caulastraea na Duncanopsammia huwekwa chini kwenye mchanga au kivulini mwa jiwe, taa zikiwa zimepunguzwa, kisha mwanga huongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Mkondo nao uwe wa kubadilika-badilika, wa kuitikisa minyiri bila kuilaza upande mmoja. Nafasi ya sentimita 15 au zaidi iachwe kati ya jirani na jirani, kwani usiku Euphyllia hutoa minyiri mirefu ya vita inayochoma chochote inachokifikia.

Kulisha ndiko mnyama huyu anakojidhihirisha. Taa zikizimwa, kichwa cha Caulastraea huzungukwa na minyiri mifupi inayong’aa ncha. Kipande cha kamba kisichozidi punje ya mchele kikiwekwa juu yake kwa bomba, minyiri hukunjamana taratibu kuelekea katikati, mdomo hupanuka hadi tumbo jeupe likaonekana, na baada ya dakika kadhaa kipande hutoweka. Kwa miezi inayofuata, kichwa kinachokula vizuri hurefuka na kuwa na umbo la yai, mdomo mmoja huwa miwili, kisha ukuta wa jiwe hupanda kati yake. Mlo mmoja au miwili kwa wiki unatosha, maana ziada huoza na kuongeza naitreti na fosfeti. Hata hivyo kuziondoa hizo mbili kabisa ni kosa jingine, kwa kuwa mwani wa ndani unazihitaji. Naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita haina ubaya.

Vitabu vya wafugaji wa Ulaya na Marekani husisitiza hita, na kwa Nairobi yenye usiku wa baridi shauri hilo lina maana, lakini Dar es Salaam au Mombasa adui ni joto. Tangi linapaswa kubaki kati ya nyuzi 24 na 27, na wakati wa kaskazi chumba chenyewe hupita hapo. Feni inayopuliza juu ya maji huyashusha kwa nyuzi kadhaa, kwa gharama ya maji mengi zaidi kukauka. Umeme ukikatika, kinachopungua kwanza ni oksijeni, hivyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha lazima.

Tumbawe linaloumwa huonyesha mapema, ila dalili mbili huchanganywa sana. Likiwa jeupe huku nyama ikiwa bado ipo, nyembamba na ya kupenyeza mwanga, limepoteza mwani wake, jambo lililoikumba miamba ya Bahari ya Hindi magharibi mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda. Hilo huweza kupona likipunguziwa joto na mwanga na kulishwa. Likiwa jeupe kwa sababu nyama imetoweka na mawe matupu yamebaki, sehemu hiyo imekufa, na kazi iliyobaki ni kupima ualkali na chumvi na kuokoa vichwa vilivyosalia.

Miamba iliyopita katika joto la mwaka ule haina cha ziada cha kutoa kwa ajili ya matangi, na ndani ya hifadhi kama Mafia, Watamu na Malindi kuvunja tumbawe ni marufuku. Vipande vinavyofaa kununuliwa ni vile vilivyokuzwa na wafugaji wengine: tawi la Caulastraea hukatwa chini ya mstari wa nyama hai, hubandikwa kwenye jiwe dogo kwa gundi kali ya ute, na hurudi kufunguka baada ya siku chache. Kinachosahaulika na wasafiri ni kwamba matumbawe yote magumu yameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata tawi lenye vichwa viwili lililozaliwa ndani ya tangi la sebuleni huhitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka likiwa ndani ya mfuko wa plastiki.