Kima ya nyumbani: soma hii kabla hujanunua mashine

Ukiwa Kitengela nyama si shida. Kajiado ni nchi ya ng'ombe, na Kenya Meat Commission wako hapo tu Athi River. Shida ni kima (si yule wa msituni). Nyama ikishasagwa huwezi kujua ilikuwa paja au mabaki ya juzi. Mwaka 2019 NTV ilipopeperusha Red Alert, ile makala ya nyama ya supamaketi kutiwa kemikali ionekane mbichi, mimi nilirudi kwa bucha ninayemjua. Siku hizi nanunua kipande, nasaga mwenyewe.

Sasa, ya mkono ama ya stima? Kama unaishi bedsitter na unasaga kilo mbili za sambusa za kuuza jioni, chukua ya mkono, namba 8. Namba ni ukubwa wa mashine: 5 ni kadogo, 22 na 32 ni za buchani. Stima ikipotea, wewe unazungusha tu. Lakini angalia meza yako kwanza, maana mashine hubanwa ukingoni kwa skrubu na meza ya plastiki itakuaibisha.

Ukitaka ya stima, usibabaishwe na wati zilizoandikwa kubwa kwenye boksi. Mara nyingi hicho ni kilele, nguvu ambayo mota hufika ikikwama. Geuza mashine, soma kibandiko cha chini.

Kitu cha maana hasa ni kisu. Kikiwa butu hakikati, kinaponda. Nyama inatoka kama uji na mishipa inajiviringisha humo ndani. Upande bapa unafaa kutazama ile sahani yenye matundu. Wasee huufunga kinyume halafu wanalaumu mwenye duka. Na kama ni ya chuma kilichopakwa bati, ioshe kwa mkono, ikaushe, ipake mafuta kidogo, la sivyo kutu.

Nyama iwe baridi, bila mishipa. Huna friji? Saga na upike papo hapo, iive hadi ndani, kwa sababu viini vilivyokuwa juu ya kipande sasa vimechanganyika kote.

Ukiwa dukani, toa kisu, kilaze juu ya sahani, inua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, mrudishie mashine yake.