Rangi iliyobaki: Usiimwage mferejini, wala usimwachie ndama kopo

Na Mwandishi Wetu

NYUMBA ikishapakwa rangi, fundi huondoka na brashi zake na mwenye nyumba hubaki na makopo mawili matatu yenye rangi nusu. Makopo hayo husukumwa nyuma ya banda au chini ya mwembe, na huko ndiko hasara inakoanzia, hasa kwa mfugaji.

Ng'ombe hulamba rangi. Ndama ndiye mbaya zaidi, maana hulamba karibu kila kitu kigeni anachokikuta. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zisipauke juani. Hata katika miaka ya 2010, vipimo vya shirika lisilo la kiserikali la AGENDA vilikuta rangi za mafuta zenye risasi nyingi zikiuzwa katika maduka ya Tanzania. Mara nyingi njano, nyekundu na kijani ndizo huwa na risasi zaidi.

Ndama aliyelamba risasi ya kutosha huacha kula, husaga meno, hutembea kama kipofu, hutetemeka na kuanguka. Wengine hukutwa wamekufa kabla mfugaji hajaona dalili yoyote, na ni rahisi kudhani amekula majani ya sumu. Anayepona hubaki na risasi mifupani. Ng'ombe wa maziwa huitoa kidogo kidogo kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo anayokunywa mtoto wako au mteja wako. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo huathirika ubongo.

Njia ya pili ya hasara ni maji. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliokuta metali nzito, risasi ikiwemo, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Si haki kuitupia rangi lawama yote, kwani mito ya mjini hupokea kila aina ya taka. Lakini anayesuuza brashi kwenye mfereji unaomwagilia mchicha anaongeza sumu kwenye mzigo utakaopelekwa sokoni. Kuimwaga chooni nako hakusaidii: huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na thina hupenya ardhini kuelekea kisimani.

Basi ifanyweje? Kwanza tofautisha. Rangi ya maji ni ile ambayo brashi yake husafishwa kwa maji. Ya mafuta huhitaji thina. Rangi ya maji ikiwa bado nzima, chuja uvimbe kwa kitambaa, changanya na masalia mengine ya rangi ya maji, uipake mkono wa kwanza kwenye ukuta wa stoo au kibanda cha biashara. Iliyoharibika ichanganye na maranda, mchanga au majivu, iache wazi kivulini mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki, hadi igande kama tofali. Hapo ndipo itupwe pamoja na taka kavu.

Ya mafuta ni afadhali uimalize kwenye geti, mabati au nondo za dirisha, au umpe fundi anayeihitaji. Usiipake kwenye hori, chombo cha maji ya kuku wala uzio ambao ng'ombe wanaufikia. Ikibaki, ikaushe vivyo hivyo, lakini mbali na moto, na usiichome. Ikiwa ni nyingi, au unajua ni ya zamani, uliza ofisa mazingira wa halmashauri ipelekwe wapi. Thina iliyosafishia brashi iache itulie usiku kucha kwenye chupa iliyofungwa. Ya juu iliyo safi itatumika tena. Matambara yenye rangi ya mafuta yasirundikwe kwenye kona, kwani hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Bora zaidi ni kutonunua ya kubaki. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na madirisha, kina ukuta wa mita za mraba 34 hivi. Mikono miwili ni lita 7, yaani galoni mbili za lita 4. Anayebeba ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho anaweka zaidi ya nusu ya fedha yake chini ya mwembe.

Na wewe muuza nafaka au maziwa, kopo la rangi ya mafuta lisiwe kipimo chako, hata likioshwa mara kumi. Likikauka, liuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.