Makali Yaliyobaki

Kisu kilichopo mezani kwangu wakati naandika haya kilifuliwa Solingen, mji wa Ujerumani ulioishi kwa panga na visu tangu Zama za Kati. Mpini wake ni wa pembe ya sambari, mnyama wa jamii ya paa anayeishi misitu ya India. Kengee yake ni nene mgongoni, nyembamba kiunoni, kisha inapanuka kuelekea nchani kama jani. Imeandikwa White Hunter, yaani mwindaji mzungu, na jina hilo nitalirudia baadaye.

Puma, kampuni iliyoanzishwa na ukoo wa Lauterjung mwaka 1769, ilikitoa kisu cha aina hii mwaka 1956 ikiwalenga watu waliokuwa wakiongoza misafara ya uwindaji huku kwetu. Wawindaji hao wa kulipwa walikuwa na chama chao cha Afrika Mashariki kilichoundwa Nairobi mwaka 1934, na Puma ilijivunia baraka zao katika matangazo yake. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, chama kilivunjwa. Kisu kiliendelea kutengenezwa. Changu nilikipata kwenye mnada wa vyombo vya nyumba mjini Nanyuki, ndani ya sanduku moja na vijiko, kopo la risasi lililo tupu na kamba ya hema.

Mtu anayeanza kukusanya visu vya ala, yaani vile visivyokunjwa, huuliza kwanza kisu kimetengenezwa na nani na mwaka gani. Mimi humshauri aanze na swali jingine: kimebaki kiasi gani? Kisu kinachofanya kazi hunolewa, na kila kinaponolewa hupungua. Kinoo hula taratibu, cherehe hula kwa pupa. Visu viwili vilivyotoka kiwandani siku moja vinaweza kukufikia leo kimoja kikiwa na umbo lake lote na kingine kimekonda hadi kufanana na kisu cha kumenyea viazi. Muhuri ni ule ule, lakini kwa mkusanyaji kimoja ni kisu na kingine ni kumbukumbu ya kisu.

Jinsi ya kupima upungufu huo ni rahisi, na haihitaji kifaa. Kishike kisu ubavu ukikutazama, makali chini. Karibu na kikingio cha mkono, kabla makali hayajaanza, visu vingi vya uwindaji vina kipande kifupi ambacho fundi hakukinoa. Katika kisu ambacho hakijaliwa, mstari wa makali hutoka pale ukaendelea karibu sawasawa. Katika kisu kilichonolewa sana utaona kidato: kile kipande kimebaki na upana wake wa kiwandani, na makali yamerudi nyuma kama ufuo uliomong'onywa na mawimbi. Kisha fuata tumbo la kengee hadi nchani. Ncha iliyovunjika na kuchongwa upya hujisaliti kwa sababu mgongo na tumbo havikutani pale ulipotarajia. Kimoja kinashuka ghafla kumfuata mwenzake. Ukiwa na picha ya katalogi ya zamani, linganisha maumbo hayo mawili kabla ya kutaja bei. Nimeshawahi kumwona mtu akilipa fedha nyingi kwa kisu ambacho sentimita mbili za mbele zilikuwa zimekwenda, naye hakujua hadi alipofika nyumbani.

Baada ya umbo ndipo tuje kwenye umri. Hapa muhuri husaidia, ila usomwe kwa makini. Kuanzia mwaka 1964 Puma ilipiga tarakimu kwenye kikingio cha mkono, na kwa kutumia jedwali la wakusanyaji utajua mwaka na hata robo ya mwaka ambayo kisu kilitengenezwa. Ni bahati kubwa, kwa sababu watengenezaji wengi hawakujali jambo hilo. Kwa wengine itakubidi kutumia historia. Maneno "West Germany" yanakuambia kisu hakiwezi kuwa cha kabla ya 1949, mwaka ambao nchi hiyo ilizaliwa, na ni vigumu kiwe cha baada ya muungano wa 1990. Jina la nchi kwenye bidhaa iliyouzwa Marekani lilitakiwa na sheria ya ushuru ya 1890, kwa hiyo kisu cha Sheffield chenye neno "England" mara nyingi ni cha baada ya hapo. Kisu cha Sweden chenye jina la Frosts au la KJ Eriksson, mafundi wawili jirani wa eneo la Mora, mara nyingi ni cha kabla kampuni hizo hazijaungana mwaka 2005. Hizi ni dalili za kupunguza uwezekano. Hakuna hata moja inayokupa siku ya kuzaliwa.

Upande wa Marekani kuna mtego ambao umewanasa wengi. Webster Marble alikuwa mpima misitu huko Michigan kabla ya kugeuka mtengenezaji wa shoka na visu katika mji mdogo wa Gladstone. Kisu chake maarufu, Woodcraft, kina tumbo lililopinda vizuri kwa kazi ya kuchuna, na vingi vina maandishi yanayotaja mwaka 1916. Muuzaji atakuambia kwa furaha kwamba kisu kina zaidi ya miaka mia. Lakini 1916 ni mwaka wa hataza, yaani haki ya ubunifu. Kiwanda kiliendelea kupiga muhuri huo kwa miaka mingi. Mwaka ulioandikwa kwenye chuma ni wa jambo fulani, nawe huna budi kujua ni jambo gani.

Mpini wa kisu hicho cha Marble ndio ulionifanya nipende kazi hii. Ni vipande vya ngozi vya mviringo vilivyotobolewa katikati, vikapangwa kama chapati juu ya msuka wa kisu, vikabanwa kwa nguvu na kulainishwa hadi vikawa kama kipande kimoja cha mti. Ukikishika, hakitelezi hata mkono ukiwa na damu au maji. Udhaifu wake ni ukavu: miaka ikipita ngozi husinyaa, vipande huachana, na mpini ukiutikisa hulia. Watu wengi huamua kuulowesha kwenye mafuta. Tafadhali usifanye hivyo. Ngozi hulainika kupita kiasi, huvimba, kisha huoza kutoka ndani. Nta kidogo ya nyuki inayopakwa kwa kidole na kufutwa kesho yake inatosha.

Nije kwenye kutu, kwa sababu hapo ndipo visu vingi vizuri vimeuawa na watu wenye nia njema. Feleji ya kaboni, ile ya zamani inayoshika makali haraka, hubadilika rangi ikiguswa na damu, ndimu au mkono wenye jasho. Huwa ya kijivu, kisha buluu, kisha karibu nyeusi. Rangi hiyo ni ngozi ya uzee na inakilinda kisu. Kutu nyekundu ni jambo jingine. Hiyo inakula na lazima iondolewe kwa mafuta mepesi, kitambaa na subira. Kisu changu cha pili nilikipeleka kwa fundi mmoja akaking'arisha kwa gurudumu la mashine. Kilirudi kinawaka kama kioo. Muhuri ulikuwa umefifia nusu, kingo zote zilikuwa zimeviringika, na kwa dakika kumi nilikuwa nimefuta kazi ya miaka sitini. Bado ninacho, na huwaonyesha wanaoanza ili wasirudie kosa hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo jihadhari na tundu dogo utakaloliona kwenye kengee ya visu vya Puma vya baada ya vita, mfano wa alama ya ncha ya msumari. Wengi hudhani ni kasoro na hutaka lisagwe liishe. Ni alama ya kipimo cha ugumu: kiwandani chuma kilichotiwa matiko kilibonyezwa kwa kifaa maalumu ili kuthibitisha kwamba hakikuwa laini mno wala kikavu cha kuvunjika. Ukiliondoa umeondoa cheti chake.

Adui mwingine ni ala yenyewe. Inaonekana kama nyumba ya kisu, lakini ngozi hubaki na chumvi na tindikali za kiwanda cha ngozi, na hunyonya unyevu wa hewa. Anayeishi Tanga au Mombasa akikiacha kisu ndani ya ala msimu mmoja wa masika atakitoa kikiwa na madoa, na ribiti za shaba zitakuwa zimeota ukungu wa kijani. Weka kisu pembeni ya ala yake, vyote viwili mahali pakavu, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wala usiitupe ala iliyochakaa. Ala ya asili ni shahidi. Ndani yake kuna mchubuko ulioachwa na makali, na mdomoni pana alama ya kikingio. Kisu kikiingia na alama hizo zikakutana, wawili hawa wameishi pamoja. Zisipokutana, kuna mtu aliyewaoza juzi.

Visu vya uvuvi vinahitaji jicho tofauti, na hupuuzwa isivyo haki. Kisu cha kuchuna hutaka tumbo na uzito; kisu cha kutoa minofu hutaka wembamba na kupinda. Mtu wa Mwanza aliyewahi kuona sangara akitolewa minofu anajua ninachosema: kengee hulala juu ya mifupa na kuifuata, na ngumu haiwezi. Mfano ninaoupenda ni kisu kilichouzwa kwa jina la Rapala kuanzia miaka ya 1960 na kutengenezwa na kiwanda cha Marttiini cha Rovaniemi, kaskazini mwa Finland, ambacho Janne Marttiini alikianzisha mwaka 1928. Mpini ni wa mti wa betula, mwepesi, na kengee hupinda kama unyasi kisha hurudi mahali pake. Kwa vile ni ya feleji isiyoshika kutu, uzee wake hausomwi kwa rangi. Utausoma kwenye mpini uliokolea mafuta ya samaki, na kwenye kengee iliyonolewa hadi ikawa kama sindano. Vilivyobaki na upana wake ni vichache kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu vilikuwa vya bei nafuu na vilitumiwa hadi vikaisha.

Neno moja kuhusu sheria. Kisu chenye mpini wa pembe ya ndovu kiache kilipo, hata kikiwa kizuri namna gani. Na mpini wowote wa pembe au jino la mnyamapori, ukiwa Kenya, uliza kwanza ofisi ya huduma za wanyamapori kabla ya kuununua au kuuvusha mpaka.

Sasa nirudi kwenye jina lile la kisu changu. Katika misafara ile mwindaji mzungu aliongoza, mteja alifyatua bunduki, na mnyama akishaanguka kazi ya kisu ilikuwa ya watu wengine. Wafuatiliaji nyayo na wachunaji walikuwa Waafrika, wengi wao Wakamba, na ngozi zilizokwenda kupamba kuta za ng'ambo zilitolewa na mikono yao bila tundu, usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli. Wengi walitumia visu vyao wenyewe, kazi ya wahunzi wa nyumbani. Visu hivyo havina muhuri. Ninapokitazama White Hunter changu na kuona jinsi kilivyo kizima, tumbo lake lote lipo, naelewa kwamba hakikuchuna wanyama wengi. Kile kilichochuna kimeliwa na kinoo, au kiko kwenye dari ya nyumba fulani Machakos.

Basi miaka ya karibuni nimeanza kuvitafuta hivyo visivyo na muhuri. Mbinu ni zile zile, ila badala ya maandishi unasoma chuma. Mhunzi alifua kile alichokipata: tupa iliyokwisha, springi ya gari, panga kuukuu. Tupa hujitambulisha kwa mistari hafifu ya meno yake ambayo nyundo haikuifuta yote. Springi ina unene ulio sawa na mara nyingine tundu la boliti karibu na msuka. Baadhi ya sime za Kimaasai zimechongwa kutoka mapanga ya Martindale wa Birmingham, na ukiwa na bahati utaona bado kivuli cha alama yake ya mamba. Tazama noleo: limefungwa kwa shaba, kwa bati, au kwa ngozi ya mkia iliyovalishwa ikiwa mbichi ikakauka na kubana? Tazama mpini umelika upande gani, maana kidole gumba cha mwenyewe kiliacha bonde lake, nawe ukiweka chako hapo utajua kama alikuwa wa mkono wa kushoto.

Kwa kila kisu ninaandika kadi. White Hunter ina kadi iliyojaa: kampuni, mji, namba, robo ya mwaka, mnada, bei. Kisu kingine, cha tupa, nilikinunua njia ya Kibwezi kwa mama mmoja aliyekuwa akikitumia kukatia sukuma. Penye nafasi ya mtengenezaji nimeandika "mhunzi", na penye nafasi ya mmiliki nimeandika alichoniambia yule mama: cha baba mkwe wangu, alikuwa akienda na Wazungu porini, alichuna nyati. Nilimwomba anitajie jina la mzee. Alinitajia, akasubiri niliandike, akaniuliza kama nimeliandika vizuri.