Uvimbe wa Mshipa wa Ubongo Unaporudi

Mgonjwa wa Cheyo, Tabora, aliyepewa rufaa kutoka hospitali ya Kitete, akasafiri zaidi ya kilomita 800 kwa reli inayofuata takriban njia ya misafara ya kale, hata akafika taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mishipa ya ubongo hutibiwa pasipo kupasua fuvu, ni mwepesi kurejea kwao akiamini kwamba maradhi yamekwisha. Nayo imani hiyo yataka hadhari.

Anyurizimu, yaani uvimbe huo wa mshipa wa ubongo, ni ukuta wa mshipa uliodhoofika ukatuna, ukafanya kifuko ambacho kikipasuka damu humwagika kandokando ya ubongo. Kwa njia aliyoibuni Guido Guglielmi mwanzoni mwa miaka ya 1990, tabibu huingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, akaupandisha hata kichwani, kisha akakijaza kifuko nyuzi za platini zilizosokotwa. Ajabu ni kwamba, hata kikijazwa vema, platini hushika kama robo tu ya nafasi; iliyobaki ni damu iliyoganda, ambayo haina budi kugeuka kovu kabla mlango wa kifuko haujafungika barabara. Moyo nao hupiga mara laki moja hivi kwa siku, na kila pigo huzisukuma nyuzi zikadidimia, mithili ya pamba ya Igunga isiyoshindiliwa guniani, na juu yake pakafunguka nafasi mpya.

Mtafiti Jean Raymond na wenzake wa Montréal walieleza mwaka 2003 kwamba, katika uvimbe walioufuatilia, theluthi moja ulirudi. Hasa ule wenye milimita 10 au zaidi, uliotibiwa ungali mbichi baada ya kupasuka, na ambao haukujazwa kamili tangu awali. Fauka ya hayo, mlango uliozidi milimita 4 hauzishiki nyuzi sawasawa. Tumbaku na shinikizo la damu ushahidi wake katika kurudi si thabiti hivyo, lakini huzaa uvimbe mpya mahali pengine. Nasema hayo bila ya kutaka uadui na wakulima wa tumbaku wa Urambo.

Kurudi, hata hivyo, si kupasuka: katika wagonjwa wa Raymond, waliovuja damu tena hawakutimia mmoja katika mia, na uliorudi waweza kujazwa upya. Basi wewe uliyetibiwa, kabla hujapanda treni ya kurudi Tabora, muulize tabibu tarehe ya kupigwa picha tena, ambayo aghalabu huwa baada ya miezi sita, uzichukue picha zako za kwanza, na nauli ya safari hiyo uianze kuiweka mapema.