Orodha ya mvinyo ina funzo kwa mnywaji wa Kondele

MKAHAWA wa jadi wa Kiitaliano hupimwa kwa orodha yake ya mvinyo. Orodha nzuri si lazima iwe ndefu, bali hutaja mtengenezaji, eneo na mwaka wa mavuno: Barolo ya Piedmont, Chianti ya Tuscany.

Maelezo hayo si mapambo. Mwaka 1986 zaidi ya watu 20 walifariki nchini Italia kwa kunywa mvinyo wa bei nafuu uliotiwa methanoli.

Kenya nayo imeonja msiba huo. Novemba 2000, pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi.

Sumu hiyo haitambuliki kwa ladha. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho, na dalili zaweza kuchelewa hata saa 24.

Hivyo mnywaji wa Kondele, mjini Kisumu, hana budi kuuliza maswali yale yale: nani amekitengeneza kinywaji hiki, na wapi? Sheria ya 2010 iliyohalalisha chang'aa ilitaka itengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa yenye lebo. Tafuta pia stempu ya KRA na alama ya KEBS. Chang'aa inayomiminwa kutoka mtungini haijibu swali hata moja.

Anayeona ukungu machoni baada ya kunywa asilale akingoja ulevi umtoke. Akimbizwe mara moja katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyo jirani.