Lafudhi Ughaibuni: Mfano wa Chimiini



Aghalabu tunapoizungumzia lafudhi, huichukulia kama vazi la lugha: mtu akihamia ugenini aweza kulivua na kuvaa jingine, na lugha yenyewe ikabaki vile vile. Nia ya mhadhara huu ni kuonesha kwamba mtazamo huo haukidhi. Mfano nitakaoutumia ni Chimiini.

Chimiini, kiitwacho pia Chimbalazi, ni usemi wa mji wa Barawa, kusini mwa Mogadishu. Wataalamu wengi hukihesabu kuwa lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kabisa, ingawa wapo wanaokiona kuwa lugha inayojitegemea. Kina hazina ya mashairi ya kidini, yakiwamo ya Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919. Penye kiambishi ki- cha Kiswahili sanifu, chenyewe hutumia chi-. Urefu wa irabu hutofautisha maana. Na wakati uliopita huundwa kwa kiishio -ile, ambacho ni cha kale katika lugha za Kibantu.

Lakini sifa inayotuhusu zaidi ni mkazo. Katika Kiswahili sanifu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nao ni nadra kubadili maana. Katika Chimiini mambo ni tofauti, kama walivyobainisha Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, waliochapisha kamusi ya usemi huo mwaka 2004. Chukueni kirai jile nama. Mkazo ukiwa mwishoni, jile namá, maana yake ni "ulikula nyama". Ukirudi nyuma silabi moja, jile náma, maana yake ni "alikula nyama". Kitenzi hakina kiambishi kinachomtaja mtendaji. Anayetutambulisha nani alikula ni mkazo, tena mkazo wenyewe umekaa juu ya nomino iliyo mwisho wa kirai. Kile ambacho mgeni angekisikia kama mwimbo tu wa watu wa Barawa ndicho kinachobeba nafsi.

Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991 na vita kuenea, Wabarawa wengi walikimbia. Wengi walipitia Mombasa, na baadhi yao wakaendelea hadi Uingereza na Marekani. Je, mkazo huo hufikwa na nini huko ugenini?

J. K. Chambers, katika makala yake ya mwaka 1992, aliwachunguza vijana sita kutoka Kanada waliohamia kusini mwa Uingereza. Alibaini mambo matatu yanayotufaa hapa. Kwanza, msamiati hubadilika upesi kuliko matamshi. Pili, kanuni nyepesi hupatikana kabla ya kanuni changamano. Tatu, mtoto wa miaka 7 au chini yake karibu hakosi kuipata lahaja mpya kikamilifu, ilhali aliyefikia miaka 14 karibu haipati hivyo.

Tukiupima mfano wetu kwa mizani hiyo, twatarajia kuwa mama aliyehama akiwa mtu mzima ataazima maneno lakini mkazo wake utasalia. Hatari imo kwa mtoto wake. Kanuni ya mkazo wa Chimiini ni changamano, haioneshwi katika maandishi ya kawaida, na huhitaji kusikiwa kila siku kutoka vinywa vingi. Mtoto anayeisikia kwa mama peke yake huisikia kwa uchache.

Hapa kuna jambo linaloweza kuwashangaza wengi. Kwa maoni yangu, tishio la Mombasa si dogo kuliko la London. Kiingereza kiko mbali na Chimiini. Mtoto huzitenga lugha hizo mbili bila taabu. Kiswahili cha Mombasa ni jamaa wa karibu. Chi- hugeuka ki- kwa urahisi, na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho huonekana kuwa ndio "sahihi". Mwalimu asiyejua atadhani mtoto anakosea Kiswahili, kumbe anasema lugha ya nyumbani kwao bila kosa. Akishasahihishwa mara nyingi, mtoto atalazimika kumtaja mtendaji kwa njia nyingine. Hapo kitakachokuwa kimepotea ni sehemu ya sarufi, wala si lafudhi peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa isimu jambo moja. Mkibahatika kuingia nyumba ya Wabarawa, iwe Mombasa au Manchester, mrekodini bibi, mama na mjukuu wakisema kirai kile kile kimoja. Kisha mwulizeni kila mmoja: nani alikula nyama? Majibu yakilingana, lugha ingali hai nyumbani humo. Yakihitilafiana, mtakuwa mmepata kujua mpasuko umeanzia kizazi gani, wakati ambapo bibi angalipo wa kuulizwa.