Kibodi kuukuu zisitupwe, zaweza kutumika na kompyuta mpya

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Shule au saiba inaponunua kompyuta mpya, aghalabu kibodi za zamani hutupwa stoo hata kama vibonye vyake vyote vingali vizima. Sababu ni kwamba kichwa cha waya wake hakiingii katika tundu lolote la mashine mpya.

Nyingi kati ya kibodi hizo zaweza kurejeshwa kazini, mradi mnunuzi atofautishe mambo mawili: umbo la kichwa cha waya, na lugha ambayo kibodi hutumia kuwasiliana na kompyuta. Wanaoyachanganya ndio hupoteza fedha zao.

Mkazi wa Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni, ana mfano karibu naye. Mji huo uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, uko katika njia ya reli mbili. Reli ya kikoloni ina upana wa mita moja, ilhali ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine hata likipakwa rangi mpya. Sharti shehena ihamishwe.

Tofauti za vichwa

Kompyuta ya IBM ya 1981 na ile ya AT ya 1984 zilitumia kibodi zenye kichwa kikubwa cha mviringo chenye pini tano. Mnamo 1987, kampuni hiyo ilileta kichwa kidogo cha pini sita kiitwacho PS/2, ambacho baadaye kilitambulishwa kwa rangi ya zambarau. USB, yenye kichwa bapa, ilizinduliwa 1996.

Kutoka AT hadi PS/2, lugha haikubadilika. Kwa hivyo, adapta ya kawaida inayounganisha nyaya tu yatosha. Kibodi ya 1981 hufanana na ya AT kwa kichwa, lakini lugha yake ni nyingine na adapta hiyo haitaisaidia.

Kutoka PS/2 hadi USB, lugha hubadilika kabisa. Hapa panahitajika kifaa chenye saketi ndani yake, kinachopokea ishara za kibodi na kuzitafsiri kabla ya kuzipeleka kwa kompyuta. Aghalabu huwa na waya mfupi wenye matundu mawili, moja la kibodi na jingine la kipanya.

Vile vipande vidogo vya plastiki visivyo na saketi hufanya kazi tu na kibodi zilizoundwa kuelewa lugha zote mbili. Anayekinunua kwa ajili ya kibodi nyingine hudhani kibodi yake imekufa, ilhali haina kasoro yoyote.

Tahadhari

Kabla ya kununua chochote, mwenye kompyuta ya mezani achunguze nyuma yake, kwani baadhi ya mashine mpya zingali na tundu la PS/2. Kibodi isichomekwe humo wala kuchomolewa kompyuta ikiwa imewashwa, kwani inaweza kuunguza saketi.

Kibodi nyingi za kabla ya 1995 hazina kibonye cha Windows. Badala yake, mtumiaji abonyeze Ctrl na Esc kwa pamoja.

Fauka ya hayo, kifaa hicho cha kutafsiri chaweza kuunganishwa na simu inayokubali vifaa vya USB, hivyo mwanafunzi asiye na kompyuta akapata kujifunza kuchapa.

Dunia ilizalisha tani milioni 53.6 za taka za kielektroniki mwaka wa 2019, kwa mujibu wa ripoti iliyoandaliwa kwa ushirikiano na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Shule yenye kibodi 20 stoo haina haja ya kuongeza mzigo huo. Inunue kifaa kimoja chenye saketi, ijaribu kibodi moja baada ya nyingine, kisha ndipo iamue ni zipi za kutumika na ni zipi za kupelekwa kwa wanaochakata taka hizo.